Kiti cha Mui Choo

Jumapili, 4 Agosti 2024

Leo ndugu wema wamefunguliwa mlango. Mwezi huu hatuwaiti wafu — tunasema ndugu wema, maana wanasikia. Siku ya kwanza ya mwezi wao, wa saba kwa kalenda ya Kichina.

Mwaka jana wakati kama huu mke wangu Mui Choo alikuwa kwenye kiti kile, kitambaa kichwani, ananisimamia nikikunja karatasi za kuwachomea ndugu wema. Akasema nakunja kama mtu anayefunga samaki sokoni. Mwaka huu yeye mwenyewe ni mgeni. Mara ya kwanza kurudi.

Nimemnunulia nguo za karatasi, viatu vya karatasi, na miwani. Muuzaji kashangaa. “Miwani, anko? Watu wote wananunua simu.” Nikamwambia huyu wangu alikuwa anapoteza miwani mara mbili kwa wiki. Nimechoma jozi sita, moshi ndio unaompelekea. Zimtoshe mpaka mwakani.

Miwani yake ya kweli ninayo mimi, garini, ndani ya kasha lake la bluu.

Wageni wa kampuni ya dawa ya Ulaya wanakuja Jumanne. Dk. Thilagam wa maabara yetu kasema nioshe gari.

Jumanne, 6 Agosti 2024

Dakika kumi na moja! Kutoka mlango wa chumba cha upasuaji hadi meza ya maabara, sanduku mkononi, nyama ya mgonjwa bado hai ndani yake.

Miaka tisa nafanya njia hii na sijawahi kupimwa na mtu kwa saa. Leo mgeni mmoja, Bw. Asger, mrefu kama nguzo ya taa, alikaa pembeni yangu garini, magoti yanagusa kidevu. Hakuongea mpaka tulipofika. Akaangalia saa yake. Akasema kwao safari hiyo hiyo ni saa tatu, na kuna mto katikati.

Ghorofani nikawakuta wote wamesimama dirishani. Dk. Thilagam anaonyesha kwa kidole. Mgonjwa yule pale. Daktari wake pale. Maabara ni hapa tuliposimama. Wanaojaza dawa kwenye chupa, vituo vichache vya treni. Uwanja wa ndege, nusu saa. Sheria ukizisoma leo, kesho ni zile zile. Halafu akapunguza sauti kidogo — na ugonjwa wenyewe uko huku. Saratani ya nyuma ya pua. Kwenu mnaisoma vitabuni, sisi tunaizika.

Aliponiona mlangoni akageukia dirisha, maana saratani hiyo ndiyo iliyomchukua Mui Choo. Nikajifanya nasoma karatasi ya kupokelea.

Bw. Asger kanifuata kwenye lifti. “Mvua ikinyesha?”

“Kumi na mbili.”

“Na siku ukiugua wewe?”

“Kuna Hafiz. Lakini Hafiz anapenda kupiga honi.”

Kacheka. Miaka tisa, hakuna aliyewahi kuniuliza nikiugua itakuwaje.

Hafiz anasema kampuni ina mji mwingine inaouangalia, saa tano kwa ndege. Huko nako kuzuri. Watachagua mwisho wa mwezi.

Ijumaa, 9 Agosti 2024

Sikukuu ya taifa. Ndege za jeshi zimepita juu ya jengo letu, madirisha yakatetemeka, picha ya Mui Choo ikageuka upande. Nimeinyoosha. Imegeuka tena. Nimeiacha atazame anakotaka.

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Dk. Thilagam kaniita ofisini. Chai iko tayari mezani, mlango umefungwa. Nikajua si mambo ya gari.

“Anko Seah, unajua kuwa Anti aliacha kipande cha uvimbe wake kwetu.”

Najua. Mimi ndiye niliyekibeba! Hilo sijawahi kumwambia mtu. Masanduku hayaandikwi majina, namba tu, na dereva hatakiwi kujua. Lakini nilikuwa nimeiona namba ile kwenye mkanda wa mkono wake asubuhi, 0862, nikiwa namfunga kifungo cha nguo ya hospitali. Saa mbili baadaye wakanikabidhi sanduku la 0862. Nilipunguza mwendo kwenye kila tuta. Daftari la gari siku ile linasema dakika kumi na tatu. Hakuna aliyeuliza.

Kumbe seli zake hazikufa. Katika wagonjwa hamsini waliotoa, za watu watatu tu zilikubali kukua nje ya mwili, na zake ndizo zinazokua bila kusimama. Vijana wa maabara wanaziita Anti Sitini na Mbili, kwa ile namba yake, na wanasema hazipumziki. Nimecheka. Mui Choo alikuwa anafagia hata siku za homa.

Kampuni inataka kuja hapa. Dawa ya majaribio, wagonjwa arobaini wa kwanza. Kila chupa ipimwe kwanza kwenye seli za Mui Choo, ikizishinda hizo ndipo apewe mtu. Bila hizo hakuna cha kupimia hapa, wataenda kule kwingine ambako wanazo zao. Na majaribio yatafanyika huko huko.

“Sasa tatizo ni hili,” Dk. Thilagam kasema, akageuza karatasi.

Mwandiko wa Mui Choo. Kwenye utafiti wa hospitali katia alama: ndiyo. Kuhifadhiwa: ndiyo. Kupewa kampuni ya biashara — hapo hakutia ndiyo wala hapana. Katia kwenye kile kijisanduku cha tatu ambacho Dk. anasema watu hawakitumii. *Niulizwe kwanza. Nisipokuwepo, aulizwe mume wangu.*

Mwanamke ambaye hospitalini alisema ndiyo kwa kila sindano!

“Saini yako inahitajika kabla ya tarehe thelathini na moja.”

Nikamwambia siwezi. Si kwamba sitaki. Mwezi huu hatutii saini kitu. Hatuhami nyumba, hatufungui duka, hatuoi. Mui Choo alikuwa mkali kwa hilo — mwaka 1998 alinikatalia kuchukua funguo za nyumba hii hii tunayokaa mpaka mwezi uishe, tukalala kwa dada yake siku kumi na nane. Nikasema nitatia tarehe tatu Septemba. Mwezi wa nane wa Kichina unaanza siku hiyo.

Dk. Thilagam kajishika kichwa. “Siku tatu. Jengo zima limejaa Wachina, hakuna hata mmoja aliyenikumbusha nilipokuwa napanga tarehe.”

“Labda walifikiri wanasayansi hawajali.”

“Hawajali? Fundi wa vigae vya maabara mpya kagoma kuweka hata kimoja mpaka Septemba. Nikadhani ni mvivu!”

Tumecheka wote wawili. Kisha hatukucheka. Kasema atawaandikia kuomba siku tatu.

Nimekuja nayo karatasi nyumbani. Iko chini ya picha.

Alhamisi, 15 Agosti 2024

Kampuni imejibu. Haiwezekani. Bodi yao inakaa Jumatatu tarehe mbili, jibu linatakiwa mezani. Dk. kaniambia kwenye ngazi, kwa upole, halafu kasema, “Sikusukumi, Anko.” Bora angenisukuma.

Mchana nikamkuta Rohayu hospitalini karibu na lifti. Alikuwa kitanda cha jirani na Mui Choo miezi minne. Mwalimu wa shule ya msingi, ana watoto wawili. Kapungua sana. Mdomo ule ule.

“Anko! Bado unatembea kama bata aliyechelewa.”

“Na wewe bado unapiga kelele wodini.”

“Kelele ndiyo dawa pekee niliyobaki nayo.”

Kacheka mwenyewe, halafu kaniambia ni kweli. Dawa za kawaida zimekwisha. Daktari anamwambia asubiri, kuna majaribio huenda yakaanza hapa. Yakienda nje ya nchi hawezi kufuata — nani atawaacha watoto, na ndege saa tano kwa pua inayotoka damu? Kauliza kama mimi ninayezunguka huko maabara nimesikia lolote.

Nimesema madereva hatuambiwi kitu.

Nimeona aibu mpaka nimekosea ghorofa.

Nilipokuwa narudi nikawakumbuka Mui Choo na Rohayu. Nilikuwa nikimletea Mui Choo uji wake, una nyama ya nguruwe. Rohayu Mwislamu, kitanda chake kiko umbali wa mkono mmoja tu. Kila siku, kila siku, Mui Choo anamgeukia: “Mwalimu, nikila hiki hapa itakuudhi?” Na kila siku Rohayu anajibu, “Kula, Anti, mimi navuta pazia.” Miezi minne jibu ni lile lile. Nikamwambia, si umeshauliza jana? Akasema jana ni jana.

Jumapili, 18 Agosti 2024

Siku ya kumi na tano ya mwezi wa ndugu wema. Ndiyo siku kubwa yao.

Nimepika bata wa kitunguu saumu na soya kama alivyonifundisha, ametoka mweusi kupita kiasi. Nimenunua chwee kueh za soko la chakula la Ghim Moh, vile vikeki vya mchele vya mvuke, figili ya chumvi juu, pilipili pembeni kwa sababu alikuwa hapendi igusane. Nimewasha udi. Nimesubiri. Kisha nimerusha zile sarafu mbili za mama yake kumwuliza kama ameshiba. Moja uso na moja mgongo maana yake ndiyo. Zote mgongo, hapana. Zote uso, mtu anacheka — hajaelewa swali, au swali lenyewe la kijinga.

Umeshiba? Ndiyo, mara ya kwanza tu. Bata hakuwa mbaya basi.

Nikapiga magoti nikamwuliza ile nyingine. Nitie saini?

Anacheka.

Nikauliza tena, kwa heshima zaidi, na jina lake kamili. Anacheka.

Mara ya tatu sarafu moja ilibingirika chini ya kabati, nikaifuata na tochi kifudifudi, mzee wa miaka sitini na nne. Uso, kama mwenzake. Anacheka!

Nimeosha vyombo. Sijalala vizuri ila sikuwa na huzuni. Ilikuwa kama zamani, nyumba ina mtu anayenicheka.

Jumatano, 21 Agosti 2024

Nimemwambia Ah Swee. Sikupanga. Anauza kahawa Ghim Moh miaka thelathini, anajua siri za watu wote na hajamaliza kuzisambaza. Lakini mume wake naye kafa, basi nikamwambia.

Kaweka kikombe chini kwa nguvu. “Wewe! Akiwa hai hukuwahi kumshinda hata siku moja. Sasa unataka umshinde kwa sarafu?”

“Nilimwuliza kwa adabu.”

“Umemwuliza nini? Kama utie saini. Saini ni mkono wako, yeye anahusikaje na mkono wako? Mimi pia ningecheka.”

Na la mwezi huu je? Kasema watu hawatii saini mwezi huu kwa kuwa wanaogopa nani anawachungulia mabegani. “Unamwogopa Mui Choo?”

“Simwogopi. Nimemzoea.”

“Basi. Mwezi mwingine wowote ukitia saini yuko mbali. Mwezi huu yupo, anasikia. Kama kuna mambo yake, yasemwe akiwepo. Kunywa, inapoa.”

Nimekaa pale muda mrefu. Saa ya chakula cha mchana watu wakaanza kujaa, kila mmoja anatupa pakiti ya karatasi laini kwenye kiti kisha anaenda kupanga foleni. Pakiti ikiwa juu ya kiti, kiti kina mwenyewe. Hata mtoto anajua. Mui Choo hakufanya hivyo hata mara moja. Foleni ndefu, njaa, mvua — yeye atazunguka na trei yake, atasimama nyuma ya kiti kitupu kisicho na pakiti wala mwavuli wala chochote, na bado atamwuliza wa jirani: “Kuna mtu hapa?” Nikamwambia mara moja, si unaona ni kitupu. Kasema kuona si kuuliza.

Hakuwa anakataa. Kile kijisanduku cha tatu hakikuwa hapana. Alitaka tu waje wasimame nyuma ya kiti.

Na hawajaja. Iliyokuja ni karatasi.

Jumatatu, 26 Agosti 2024

Nimemwambia Dk. Thilagam. Mwezi si neno tena, nimeshaongea na watu wangu. Lakini yule Bw. Asger aje mwenyewe aulize. Si barua. Si kwa simu yenye picha.

“Anko, amesharudi kwao. Ni saa kumi na tatu kwa ndege.”

“Najua.”

“Ana miji miwili ya kuchagua. Ule mwingine hakuna anayemwambia arudi kunywa kahawa.”

“Najua, Daktari.”

Kaniangalia. Hakukasirika. Kasema amekuwa akiwahubiria watu faida za mahali hapa miaka kumi, kila kitu karibu, kila kitu haraka, kila karatasi inakwenda yenyewe. Halafu kasema, “Na mama yangu mimi, kabla hawajamkata kidole cha mguu, alitaka daktari akiambie kidole hicho pole.” Akachukua simu. Mimi nikatoka. Nilikuwa na sanduku la saa tano.

Dakika kumi na moja.

Alhamisi, 29 Agosti 2024

Hakuna jibu.

Rohayu kalazwa tena tangu jana. Damu ya pua haikukata usiku kucha. Nimepita. Pazia limefungwa, nikasimama nje, nikauliza kama naweza kuingia. Sauti ndogo ikasema, “Bata huyo.” Nimekaa dakika tano. Hakuuliza habari za maabara. Alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi, kalamu nyekundu, mto mgongoni.

Niliporudi garini nimewaza, kama ni mimi tu, kama hiki ni kiburi cha mzee aliyefiwa? Mui Choo angependa nimfanye mwalimu asubiri kwa ajili ya adabu? Karatasi siku hizi natembea nayo; nimeitoa. Nimeirudisha.

Saa kumi na moja ujumbe wa Dk. Thilagam, maneno manne. *Amepanda ndege. Jumamosi. Wapi?*

Nimejibu: Ghim Moh, kwa Ah Swee. Saa tisa.

Jumamosi, 31 Agosti 2024

Naandika hapa hapa mezani. Saa kumi na dakika kumi. Mwisho ni saa kumi na mbili.

Sarafu nimeziacha nyumbani. Leo swali si langu.

Nilifika mapema. Meza ya watu wanne karibu na feni. Nimeweka pakiti ya karatasi laini kwenye kiti kinachotazama banda la chwee kueh, alikokuwa anapenda kukaa ili aone kama foleni imepungua. Yeye hakuwahi kuweka pakiti. Nimemwekea mimi.

Wakaja. Dk. Thilagam kavaa sari ya kijani, sijawahi kumwona bila koti jeupe. Bw. Asger macho mekundu ya ndege, shati limekunjamana, anainamisha kichwa chini ya taa. Kafika kwenye kile kiti kwanza. Kaiona pakiti. Wao kwao hawana desturi hii, kadhani kuna mtu kaisahau, kainyanyua kwa vidole viwili, kaangalia huku na huku. Ah Swee kule kwenye banda kaacha kumimina. Dk. Thilagam kafungua mdomo, nikamtikisia kichwa — mwache.

Hakukaa. Kaishika ile pakiti, mkono mwingine juu ya mgongo wa kiti, kaniuliza:

“Kuna mtu hapa?”

Nilisimama kumjibu.

“Yupo,” nimesema.

Kairudisha pakiti pale pale alipoitoa, kainyoosha. Kaenda meza ya nyuma, kaomba kiti kwa kijana aliyekuwa peke yake, kakivuta mwenyewe, kakaa pembeni ya njia ambako kila mwenye trei anamgonga bega.

Kisha kasema hakuja kunishawishi. Kaambiwa kuna swali hakuliuliza. Kwa miezi sita amesoma ripoti za 0862, anajua seli zake zinakula nini, zinagawanyika mara ngapi kwa wiki, na hajui kitu kingine. Kauliza alikuwa nani. Hivyo tu. Nimemweleza. Miwani. Ufagio. Siku kumi na nane kwa dada yake. Uji na pazia. Nimemwambia hata lile la dakika kumi na tatu, Dk. Thilagam kaangalia pembeni. Bw. Asger hakuandika chochote. Alipomaliza kusikiliza alikigeukia kile kiti, si mimi, akauliza kwa Kiingereza chake cha polepole kama wanaweza kuendelea kuwa naye. Masikio yamekuwa mekundu, watu wa meza ya pili wanatazama. Lakini kauliza mpaka mwisho.

Nikasema nahitaji muda kidogo. Kasema chukua. Dk. Thilagam kasema koo limemkauka, wakasimama wote wawili kwenda kwa Ah Swee.

Kwa hiyo niko peke yangu. Si peke yangu. Feni inapeperusha karatasi, nimeweka juu yake kasha la bluu la miwani. Chini ya kasha mwandiko wake, na chini ya mwandiko wake mstari mtupu.

Simu yangu imelia. Rohayu katuma picha, daftari la mtoto mmoja, jibu baya sana la hesabu, na chini yake kaandika *huyu nitamsubiri mpaka aelewe*.

Kalamu ninayoandikia hapa ni yao, ile waliyoiacha juu ya karatasi. Nyepesi. Inaandika vizuri, na itaandika vizuri kwenye ule mstari pia.

Wanarudi. Dk. Thilagam mbele, kashika trei kwa mikono miwili, taratibu, macho hayaondoki juu yake, kama mimi na sanduku kwenye tuta. Ah Swee anawafuata nyuma na sahani ya chwee kueh, pilipili pembeni. Nahesabu vikombe.

Vinne: vyetu vitatu, na cha kiti chenye pakiti.